Mbona Bado Inalipa?

Jambo linalohitaji kubadilishwa katika maisha ya mtu mara nyingi huwa halijaharibika. Hapo ndipo penye ugumu. Likishaharibika hakuna haja ya busara: nyumba ikishika moto, hata mlevi anaujua mlango ulipo. Lakini kazi inayommaliza mtu humlipa mshahara tarehe ile ile. Ndoa iliyopoa ina chakula mezani, na wawili hao huenda harusini pamoja wamevaa sare, wakapigwa picha na wakatoka vizuri. Duka linalokufa huuza kidogo siku ya Jumamosi, na kile kidogo cha Jumamosi ndicho kinachomfanya mwenyewe alifungue tena Jumatatu.

Wahenga hawakutunyima maonyo. Tumeambiwa dalili ya mvua ni mawingu, tukaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimezisikia methali hizi tangu utotoni na simkumbuki hata mtu mmoja aliyeondoka mahali kwa sababu ya methali. Si kwamba hazina kweli. Mawingu huonwa na aliye nje akatazama juu. Aliye ndani husikia bati likigonga akadhani ni paka. Na ile ya ufa ni methali ya fundi. Inakuhimiza uzibe, haikuambii ni lini nyumba imepita hali ya kuzibwa. Nasi ni hodari sana wa kuziba. Tunaziba kwa likizo, kwa mkopo, kwa mtoto mwingine, kwa kuhamia idara nyingine, na ufa ukitokeza upande wa pili tunasema huo ni mwingine.

Rafiki yangu mmoja, mhasibu jijini Dar es Salaam, alilijua la kwake kwa njia ambayo hadi leo inanifikirisha. Ofisini kwao walipunguza watu. Majina yalipotoka, lake halikuwamo. La jirani yake wa meza lilikuwamo. Walifanya kama inavyofanywa siku zote: wakamzunguka mwenzao, wakampa pole, wakachangishana kidogo, kundi la WhatsApp likajaa maneno ya Mungu akifunga mlango huu hufungua ule. Yule mwenzao akapanga vitu vyake kwenye boksi la karatasi za printa, akasaini fomu za kiinua mgongo, akatoka saa nane mchana, saa ambayo rafiki yangu alikuwa ameshasahau jua lake linavyowaka nje ya jengo lile. Alimsindikiza hadi kwenye lifti. Mlango ulipojifunga akabaki amesimama pale akiitafuta huzuni moyoni mwake, akakuta wivu.

"Nilimwonea wivu mtu aliyefukuzwa kazi," aliniambia. "Nikasema, mama, hapa pana jambo."

Tangu siku ile nimeanza kuusikiliza wivu kwa heshima zaidi. Hasira haiaminiki, mtu hukasirika kwa njaa, kwa joto, kwa foleni. Kumwonea wivu aliyepata ni ubinadamu wa kila siku, hauna habari ndani yake. Ila kumwonea wivu aliyepoteza ni habari nzito. Kuna mwalimu anayesikia kwamba mafuriko yamefunga shule na kifua chake kinashuka kwa raha kabla hajawafikiria watoto. Kuna mtu anayeambiwa na daktari apumzike siku tatu kwa malaria, akatoka zahanati kama aliyepewa zawadi. Kuna baba aliyekwama kwenye foleni ya Ubungo usiku, wenzake wote wanapiga honi, yeye ameketi kimya akiomba isisogee, maana mwisho wa foleni ni nyumbani. Hawa wote wanajua. Hawajajiambia tu.

Na wasipojiambia si wajinga. Rafiki yangu hakuacha kazi kesho yake, wala mwezi uliofuata. Alikuwa na mkopo wa nyumba, mama yake Tanga alikuwa akitumiwa fedha kila mwisho wa mwezi, na kazi yenyewe alikuwa akiiweza hata akiwa usingizini. Kuiweza kazi ni minyororo ya aina yake. Mtu anayefanya vibaya hufukuzwa akapona. Anayefanya vizuri huongezewa majukumu.

Mahali nilipoliona jambo hili kwa ukubwa wake, likiwashika watu wengi kwa pamoja, ni pwani ya mashariki ya Unguja. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza huko mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Aina zinazolimwa ni mbili. Ipo spinosamu, ambayo ni ngumu na bei yake ni ya chini, na ipo kotonii, ambayo ni laini zaidi na bei yake huweza kukaribia mara mbili ya ile. Zote husafirishwa nje zikiwa zimekaushwa, zikakamuliwe ute unaozitia uzito dawa za meno, aiskrimu na vipodozi. Kazi yenyewe ni ya kuinama. Bamvua likifika na maji yakapwa, wanawake hutoka na kamba, vigingi na mbegu. Hufunga vipande vya mbegu kimoja kimoja kwenye kamba kwa vikamba vyembamba, huikaza kamba kati ya vigingi viwili, na baada ya wiki sita hivi huvuna, huanika, huuza kwa kilo. Bei ni ndogo, mgongo unauma, chumvi inakausha ngozi. Hata hivyo, kwa wengi wao hii ilikuwa fedha ya kwanza isiyopita mkononi mwa mume. Ilinunua sare za shule, bati, kabati la vyombo, godoro. Mwanamke aliyekuwa akiomba hela ya sabuni akawa anamkopesha kaka yake.

Kisha bahari ikabadilika. Kuanzia miaka ya 2000 kotonii ikawa inakufa katika maji ya kina kifupi. Maji yale yakipwa na jua la kaskazi likayakalia, hupata joto ambalo kotonii haiwezi kulistahimili. Tawi huota mabaka meupe, hulegea, hukatika, na kamba hubaki tupu inacheza na mkondo.

Jambiani nina mama mdogo, wa ukoo wa mbali lakini wa maneno ya karibu. Nilimfuata shambani siku moja ya bamvua. Maji yalikuwa ya magoti na yenye uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa. Mawimbi yalisikika mbali kule kwenye mwamba. Alinionyesha matawi mawili. La kwanza la spinosamu, la rangi ya kahawia, akaniambia niliminye, likanirudishia kidole. La pili la kotonii, mbegu ya kujaribia aliyopewa na jirani, lilikuwa na baka jeupe la ukubwa wa ukucha, na nilipoliminya likapondeka.

"Ulijua lini, mama mdogo?"

"Kujua?" Alicheka huku akiendelea kufunga. "Mwaka wa mwanzo tulisema ni upepo. Wa pili tukasema mbegu imechoka. Halafu tukasema jicho la watu, maana wakati huo wageni walikuwa wengi wanakuja kupiga picha. Kila ukija upepo wa kusi maji yanapoa, unapanda, inaota, unasema alhamdulillahi imerudi. Unavuna mara moja, mara mbili. Kaskazi ikiingia, meupe."

"Kwa hiyo ilikuwa ikiwadanganya."

"Haikutudanganya, mwanangu. Ilikuwa ikitupa."

Nimekaa na jibu hilo muda mrefu, kwa sababu lilinisahihisha. Nilitaka kusema kwamba matumaini ya kila kusi yalikuwa ya uongo, na hayakuwa. Kotonii ya kusi ilikuwa kotonii ya kweli, iliuzwa kwa fedha ya kweli, na mtoto alikwenda shule kwa fedha hiyo. Ndivyo kinavyotubakiza kitu kilichokwisha muda wake. Mara moja moja hukulipa kweli kweli. Rafiki yangu mhasibu naye alikuwa na miezi yake ya kusi: ripoti iliyosifiwa, safari ya Arusha, bosi mpya mwenye utu. Kila mwezi wa namna hiyo aliufuta ule wivu wa kwenye lifti na kujilaumu kwa kutokuwa na shukrani.

Jambo jingine nililolielewa katika maji yale ya magoti ni kwamba mama mdogo hakuwa akiulizwa kama yuko tayari kuacha mmea. Alikuwa akiulizwa kama yuko tayari kuacha kile kilichomfanya awe mtu wa kusikilizwa nyumbani kwake. Ndiyo maana ushauri wa kitaalamu, hata ukiwa sahihi, hugonga mwamba. Watafiti wamefanya kazi kubwa kule. Dk. Flower Msuya, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo Unguja, amewafundisha wakulima kuhamisha kotonii kwenye maji marefu, yenye ubaridi, kwa kutumia nyavu za mrija zinazoelea badala ya kamba na vigingi. Mwani huota. Tatizo ni kwamba maji marefu yanataka chombo na yanataka kuogelea, na wanawake wengi wa pwani ile, waliozaliwa wanaisikia bahari na watazikwa wanaisikia, hawakufundishwa kuogelea. Bahari ya kina ilikuwa ya wanaume. Mwanamke mwisho wake ulikuwa pale maji yanapofika kiunoni.

Kwa hiyo swali lililokuja na sura ya joto la maji lilikuwa na swali jingine ndani yake, la zamani kuliko mwani. Naona mambo mengi yako hivyo. Mtu anafikiri anataka kubadilisha kazi, kumbe kinachomngoja nyuma ya kazi ni jambo alilokatazwa akiwa na miaka saba.

Wengine walijifunza kuogelea ukubwani. Wengine waliuacha mwani mbichi wakaingia kwenye kuusindika. Paje na Kidoti hutengenezwa sabuni ya mwani, na kipande kimoja cha sabuni huuzwa kwa fedha inayozidi kwa mbali bei ya mwani uliotumika ndani yake. Wengine walibaki na spinosamu yao ya bei ya chini, wanajua ni ya bei ya chini, na hawajiambii kingine. Mama mdogo ni wa kundi hili la mwisho. Sioni kwamba ameshindwa. Aliangalia goti lake, akaangalia umri wake, akaamua ni nini cha kuacha na nini cha kubaki nacho. Aliyeshindwa, kwa maoni yangu, ni yule anayeendelea kupanda kotonii palepale kila kusi na kulitafuta jicho lililomharibia.

Katika historia yetu ya karibu, sijui mfano mzuri zaidi wa mtu aliyeliona jambo likiwa bado zima kuliko ule wa Januari 1962. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Januari, wiki sita tu baadaye, Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa. Hakuwa ameshindwa kura. Hakuwa mgonjwa. Nchi ilikuwa haijamaliza kusherehekea. Alisema anakwenda kukijenga chama, na ukiitazama hali ya TANU wakati ule utaelewa. Chama kilikuwa kimeundwa kwa kazi moja, kudai uhuru, na kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Viongozi wake hodari walikuwa wamehamia serikalini, wanachama wa mikoani hawajui wafanye nini Jumatatu baada ya Jumamosi ya bendera, na ndani ya chama kulikuwa na manung'uniko juu ya uraia na juu ya kasi ya kuwapa Waafrika nafasi za kazi. Kwa nje, TANU ilikuwa kwenye kilele. Mtu mmoja aliitazama kwenye kilele chake akaona imebaki bila kazi. Akazunguka nchi, akaandika, akarudi Desemba ya mwaka ule kama rais wa Jamhuri.

Alikuwa na mazoezi ya jambo hilo. Mwaka 1955, akiwa mwalimu wa Pugu mwenye shahada kutoka Edinburgh katika nchi ambayo wasomi wa namna hiyo walihesabika, alirudi kutoka Umoja wa Mataifa, New York, alikokwenda kuisemea TANU, akatakiwa achague kati ya ualimu na siasa. Akauacha ualimu. Kilichofuata hakikuwa utukufu. Alirudi Butiama na familia yake bila mshahara, na kwa muda alikuwa akimfundisha padri wa Kimarekani Kizanaki. Sehemu hii ya hadithi husimuliwa kwa haraka kwa sababu haina shangwe, nami nadhani ndiyo sehemu yenye kufundisha. Baada ya kuacha kitu kinacholipa kuna kipindi cha kumfundisha padri Kizanaki.

Ila sitamfanya mtakatifu, maana mtu huyo huyo alichelewa. Walioishi Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka foleni za sukari, sabuni ya kugawiwa, maduka ya ushirika yenye rafu tupu na muuzaji aliyeketi akizilinda. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa likitaka masharti ambayo Mwalimu aliyakataa kwa miaka, na baadhi ya sababu zake za kuyakataa zilikuwa nzuri. Lakini rafu zilikuwa tupu. Mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza, ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa. Mwaka 1985 akang'atuka, na mwaka 1986 serikali ya Ali Hassan Mwinyi ikatia saini makubaliano na shirika lile. Watu wakampa Mwinyi jina la Mzee Ruksa. Nionavyo mimi, Mwalimu alielewa kwamba lililotakiwa kubadilika halingeweza kubadilishwa na mkono wake, kwa kuwa mkono wake ndio uliolijenga. Kuna mabadiliko ambayo mwenye nayo huyafanya kwa kutoka njiani. Wazazi wa watoto wakubwa wanayajua haya, na wenye biashara za familia wanayajua kwa machozi.

Miaka michache baadaye nchi nzima iliulizwa swali lile lile. Mwaka 1991 tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka kuuliza wananchi kama wanataka chama kimoja kiendelee au vyama vingi vianze. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walisema chama kimoja kiendelee. Asilimia 20 hivi walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba wengi walipuuzwa. Tume ilikuwa na hoja zake, na moja ni kwamba miongoni mwa hao themanini wengi walitaka chama hicho hicho kifanyiwe marekebisho makubwa. Yaani hata waliosema tubaki hawakuwa wakisema tubaki hivi.

Nafikiri kila mtu amebeba hesabu ya namna hiyo kifuani. Ukijipigia kura mwenyewe juu ya kazi yako, uchumba wako, mji unaoishi, themanini zitasema tubaki. Themanini ni mkopo, ada, mama aliyeko Tanga, sifa uliyokwisha kuipata, uvivu kidogo, na woga ambao haukosi sababu. Ishirini ni kile kilichosimama kwenye lifti. Kosa letu ni kungoja ishirini wawe hamsini na moja. Hawafiki. Mtu hukaa miaka akingoja apate uhakika, na uhakika huja siku ya maafa, akiwa hana tena cha kuchagua.

Sasa utaniuliza subira iko wapi. Swali la haki, kwa kuwa hapa kwetu mtu akisifiwa msibani husifiwa kwanza kwa subira. Siidharau. Ninachokiona ni kwamba subira ina kitu inachokisubiri. Muulize mwenye subira anangoja nini, atakutajia: mtoto amalize kidato cha nne, deni liishe mwezi wa sita, mvua za vuli zianze. Muulize aliyekwama, atakwambia mambo yatakaa sawa. Waislamu wa mwanzo walisubiri Makka kwa miaka mingi wakiteswa, na subira yao inatajwa kila siku misikitini. Lakini kalenda ya Kiislamu haianzi siku aliyozaliwa Mtume wala siku Makka ilipofunguliwa. Inaanza mwaka wa 622, mwaka wa kuhama.

Kinachotupungukia, nadhani, ni desturi. Babu zetu waliyapangia mageuzi makubwa ya maisha ngoma na muda wake. Mtoto akitolewa nje ana siku zake arobaini. Wavulana walikuwa na jando, wasichana unyago na kungwi wa kuwaambia kila kitu bila haya. Mjane ana eda yake ya miezi minne na siku kumi, na hakuna wa kumharakisha wala wa kumuuliza mbona bado. Lakini hayo yote ni mageuzi yasiyo na hiari: umezaliwa, umekua, umefiwa. Mtu mzima wa miaka 43 anayetaka kuacha uhasibu hana kungwi. Hana siku arobaini. Hakuna atakayempigia ngoma wala kumletea futari kwa sababu ameamua kuhama mji. Inambidi alifanye peke yake, na alifanye akionekana mtu wa ajabu.

Pengo hilo wamelijaza wahamasishaji. Unawajua: kipaza sauti cha shavuni, ukumbi wa hoteli, kiingilio, na sauti inayokwambia uache kazi leo ukaishi ndoto yako. Nimewasikiliza kwa makini na sina imani nao. Hawajui kama una mama Tanga. Mwanamke wa Jambiani anayejaribu nyavu za mrija huwa hajaing'oa kamba yake ya spinosamu; analima huku anajifunza kule, msimu huu na ujao, mpaka ajue maji marefu yanamkubali. Rafiki yangu naye aliondoka polepole hivyo hivyo. Alimaliza kwanza sehemu ya mkopo, akawa anafanya hesabu za maduka mawili ya Kariakoo jioni, baadaye matano. Sasa kipato chake ni kidogo kuliko cha zamani. Hulisema hilo mwenyewe kabla hujauliza. Mchana saa nane unaweza kumkuta barabarani.

Nilipomuuliza ni nini kilichomchelewesha zaidi, nilidhani atataja mkopo. Alitaja watu wake. Mara ya kwanza alipolitamka jambo lile, kwa sauti ndogo, akiwa anakunja nguo, mumewe alimuuliza bila ubaya wowote, "Mbona bado inalipa?" Mama yake aliuliza hivyo hivyo kwa simu. Dada yake vivyo hivyo, kanisani. Baada ya hapo hakulitaja tena kwa miezi mingi.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa walio pembeni kuliko kwa mwenye jambo, maana mwenye jambo anajua. Siku mtu wa nyumbani kwako atakaposema, katikati ya shughuli nyingine na bila kukutazama, kwamba hii kazi sijui, au huu mji sijui, usimkumbushe kwamba inalipa. Anazijua shilingi zake kukushinda. Muulize, "Tangu lini?" Kisha punguza sauti ya televisheni umsikilize mpaka amalize.